Kazi ya Nyumbani katika Shule za Kikristu za Zamani



Desturi njema imeanza kuenea katika vikundi vyetu vya parokia: vijana wa sekondari huketi jioni pamoja na watoto wa shule ya msingi na kuwasaidia kufanya kazi walizopewa na walimu wao. Wanaoifanya huduma hiyo huleta swali lilelile. Kwa nini watoto wawili wa darasa moja, wenye mwalimu mmoja na daftari la bei moja, mmoja hurudi shuleni kesho yake kazi ikiwa imekwisha, na mwingine hurudi na ukurasa mtupu? Wapo wanaojibu kwamba yule ana bidii na huyu ni mvivu. Jibu hilo ni la haraka mno. Mtu akitazama jinsi shule za Kikristu zilivyopanga juma la masomo tangu karne ya 16, ataona kwamba waanzilishi wake hawakujiuliza tu mtoto apewe kazi gani. Walijiuliza pia nani atamsikiliza, na mahali gani. Walijibu kwa namna mbalimbali, na si kila jibu lilimfaa mtoto wa maskini.

Tuanze na Wayesuiti, maana wao waliandika kila kitu. Chuo chao cha kwanza kwa ajili ya wanafunzi wasio watawa kilifunguliwa Messina, katika kisiwa cha Sicilia, mwaka 1548. Vyuo viliongezeka upesi sana, na kila kimoja kikawa na kawaida zake. Baada ya kujaribu mipango miwili, mwaka 1586 na mwaka 1591, Mkuu wao Claudio Acquaviva alitangaza mnamo Januari 1599 kitabu cha sheria kinachojulikana kwa jina la Kilatini, Ratio Studiorum, yaani Mpango wa Masomo. Humo kila mtu alipewa sheria zake, kuanzia mkuu wa jimbo hadi mwanafunzi. Nasi tuliopitia shule za ualimu, tukafundishwa kutayarisha somo kwa maandishi kabla ya kuingia darasani, tunakula bado matunda ya mti ule.

Asubuhi ilianza kwa kazi ya nyumbani. Mwanafunzi wa sarufi alifika akiwa amekariri kifungu cha mwandishi wa Kilatini na kanuni za sarufi za jana, na mkononi akiwa na karatasi aliyoiandika. Kazi ya kuandika ililetwa kila siku, isipokuwa Jumamosi. Lakini mwalimu mmoja mwenye darasa kubwa hawezi kuwasikiliza wote wakikariri. Kwa hiyo darasa liligawanywa katika makundi ya watu kumi, na kila kundi lilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa decurio, jina lililochukuliwa katika jeshi la Roma ya kale. Huyo kiongozi, mwanafunzi kama wenzake, ndiye aliyewasikiliza mmoja mmoja, akaandika katika daftari nani alijua na nani alikosea, akakusanya karatasi zote na kumpa mwalimu. Wakati huo mwalimu alimwita kila mwanafunzi karibu yake na kumsahihishia kazi kwa sauti ya chini, huku wengine wakishughulika na zoezi jingine. Angalieni hiyo sauti ya chini. Kosa la mtoto halikutangazwa mbele ya darasa zima. Lilibaki kati yake na mwalimu wake. Ni kweli kwamba vyuo hivyo vilipenda pia mashindano, na kila mwanafunzi alikuwa na mshindani wake aliyevizia makosa yake. Lakini saa ya kusahihisha karatasi haikuwa saa ya mashindano.

Jumamosi haikuwa siku ya somo jipya. Yote yaliyosomwa tangu mwanzo wa juma yalirudiwa, na wanafunzi wakayakariri hadharani. Siku ya Ijumaa au Jumamosi madarasa ya sarufi yalikariri mafundisho ya dini, na mwalimu alitoa mawaidha kwa muda wa nusu saa. Juma lilikuwa na mwendo wa mtu anayepanda kilima: anapiga hatua, anasimama, anageuka kutazama njia aliyopita. Walimu wengi wa leo, wakisukumwa na programu ndefu na mitihani, hawageuki kamwe. Wanafika Juni wakiwa wamemaliza kitabu, na watoto wamebaki kwenye ukurasa wa Oktoba.

Hata hivyo tusiwasifu kupita kiasi. Masomo katika vyuo hivyo yalikuwa bure, lakini mlango wake ulikuwa na kizingiti. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Katiba ya shirika lake, alikubali kwamba kumfundisha mtu kusoma na kuandika ni tendo la upendo, ila akasema kwamba kwa kawaida Wayesuiti hawatafanya hivyo, kwa sababu hawana watu wa kutosha. Hivyo mtoto alipaswa kujua kusoma kabla ya kuja. Tena kazi ile ya kuandika kila siku ilihitaji meza, wino, mshumaa, na jioni isiyo na kazi nyingine. Mtoto wa fundi viatu, ambaye jioni alishika gundi na uzi karibu na baba yake, angeiandika wapi karatasi yake ya Kilatini? Hakuna sheria iliyomkataza kuingia. Nyumba yake ndiyo iliyomzuia.

Mtu aliyelitazama jambo hilo kwa karibu alikuwa padri tajiri wa mji wa Reims nchini Ufaransa, Jean-Baptiste de La Salle, aliyezaliwa mwaka 1651. Alikuwa kanoni wa kanisa kuu, na hakuwa na nia yoyote ya kuwa mwalimu wa watoto wa maskini. Mwaka 1679 alimsaidia mlei mmoja, Adrien Nyel, kufungua shule ya bure mjini humo. Alipoona jinsi walimu walivyoishi ovyo na kufundisha ovyo, aliwakaribisha kwanza mezani pake, halafu mwaka 1681 akawaingiza nyumbani mwake, jambo lililowaudhi sana watu wa ukoo wake. Mwaka 1683 aliacha cheo chake cha kanoni. Na njaa kali ilipoipiga nchi yake mwaka uliofuata, aligawa mali yake. Hao walimu ndio waliokuja kuitwa Mabruda wa Shule za Kikristu, ambao hapa kwetu wengi wanawaita Mafurere. Alifungua pia shule ya kutayarisha walimu wa vijijini, kati ya zile za kwanza kabisa katika Ulaya. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu, nasi walimu tunamwomba atuombee, ingawa wengi wetu hatujasoma alichofundisha.

Alichofundisha kimo katika kitabu cha mwongozo wa shule kilichoandikwa pamoja na Mabruda wenye uzoefu. Nakala ya mkono ya mwaka 1706 ipo hadi leo, nacho kilichapwa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo juma la mtoto maskini linaonekana saa kwa saa. Shule ilianza saa mbili asubuhi hadi saa tano, na tena saa saba na nusu hadi saa kumi na nusu. Watoto walikula chakula chao cha asubuhi darasani, kila mmoja na kipande chake cha mkate. Mwanafunzi aliyewekwa kuwa mgawa sadaka alipita na kikapu, na waliokuwa na mkate wa ziada waliuweka humo, ukagawiwa kwa wasio na kitu. Kila siku ilikuwa na Misa, kusoma, kuandika, na katekisimu ya nusu saa kuanzia saa kumi jioni. Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko, kama juma hilo halikuwa na sikukuu nyingine. Jumapili watoto walikuja tena kwa katekisimu ndefu zaidi ya ile ya kila siku.

Mabruda walianza na kusoma Kifaransa, lugha ya mama, wakaacha Kilatini kije baadaye. Katika shule nyingi za wakati ule mtoto alisilabi kwanza Kilatini asichokielewa; na maskini, ambaye wazazi wake wangemtoa shuleni mapema ili akafanye kazi, aliondoka akiwa hajui kusoma lugha yoyote. De La Salle alihesabu muda aliopewa na umaskini wa watu, akaanza na kile kitakachomfaa mtoto hata kama ataondoka kesho. Hata mazoezi ya kuandika yalifuata njia hiyo. Watoto walinakili hati za kweli: barua, stakabadhi za malipo, ahadi za kulipa deni, mapatano ya kazi. Kisha waliamriwa kutunga hati za namna hiyo wao wenyewe. Pia walitakiwa kuandika, kwa maneno yao wenyewe, yale waliyoyakumbuka katika mafundisho ya katekisimu. Naomba vijana wanaofundisha watoto wa komunyo ya kwanza walisome jambo hili mara mbili. Kumwomba mtoto aandike alichokumbuka ni tofauti kabisa na kumwomba anakili kilicho ubaoni. Hapa mwalimu anapata kujua kilichofika.

Sehemu kubwa ya kazi ambayo Wayesuiti waliitarajia kutoka nyumbani ilifanyika humu ndani ya shule, chini ya macho ya Bruda, katika ukimya. Ishara zilitolewa kwa chombo kidogo kilicholia bila mwalimu kusema neno. Nami naona hiyo ndiyo hekima kubwa ya shule zile. Hawakuilaumu nyumba ya maskini kwa kukosa meza. Waliileta meza shuleni. Na mtoto asipofika, hawakungoja. Walikuwepo wanafunzi waliopewa kazi ya kuwatembelea wasiofika, kila mmoja katika mitaa yake, ili kujua sababu na kumletea mwalimu habari. Mara nyingi sababu ilikuwa ileile tunayoisikia hapa kwetu: mzazi amemhitaji mtoto kazini.

Si kila mtu alifurahi. Mjini Paris walimu wa kuandika walikuwa na chama chenye haki ya kisheria ya kufundisha kazi hiyo kwa malipo. Walipoona kwamba watoto wa watu wenye uwezo nao waliingia katika shule za bure, walimshitaki De La Salle. Mwaka 1704 vitu vya shule vilikamatwa, na akatozwa faini. Elimu ya bure daima ina mtu anayepoteza malipo yake kwa sababu yake. Sisi Wakongomani tunalijua jambo hilo tangu gratuité ilipoanza katika shule za msingi mwezi Septemba 2019, madarasa yakajaa pomoni, na mwalimu aliyekuwa na daftari 40 za kusahihisha akajikuta na daftari 90 au zaidi.

Sasa tuvuke tufike kwetu. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Na mwaka 1893 walianzisha misioni ya Baudouinville, ambayo leo inaitwa Kirungu. Lavigerie alikuwa ameamuru kwamba mtu asibatizwe kabla ya kupita miaka minne ya mafundisho: miwili ya kuomba, na miwili ya ukatekumeni. Kwa hiyo shule ya kwanza waliyoijua mababu zetu wa upande ule ilikuwa shule ya majuma mengi sana, yenye somo moja linalorudi, watu wazima na watoto wakiketi pamoja. Vijijini mbali na misioni, katekista mmoja ndiye aliyekuwa mwalimu wa dini, wa kusoma na wa kuandika, katika nyumba ya nyasi iliyokuwa kanisa Jumapili na shule siku nyingine.

Karatasi ilikuwa adimu. Kazi ya nyumbani ilibebwa kichwani: maswali na majibu ya katekisimu, sala, nyimbo. Walimu wa siku hizi hudharau kukariri, nao wana sababu. Mtoto anaweza kutamka jibu zima bila kujua maana ya neno moja. Lakini ile kazi ya kichwani ilikuwa na sifa moja ambayo daftari halina. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji. Mtoto aliporudi jioni na kurudia jibu karibu na moto, mama yake alilielewa, na bibi alilielewa. Waliweza kumsahihisha kama nao walikuwa wakatekumeni, au kumwuliza swali gumu kama walikuwa bado hawajakubali dini hiyo mpya. Nyumba nzima ilikuwa inasikiliza. Shule ilipata wasikilizaji bila kuwalipa.

Baadaye Kifaransa kilichukua nafasi yake, na baada ya uhuru kikashuka hadi madarasa ya chini kabisa. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya kujifunza Kifaransa. Mtoto wa Watabwa, Stefano Kaoze, aliyesomea Mpala na kisha katika seminari ya Lusaka ya kwetu (si ule mji mkuu wa Zambia), alichapisha kwa Kifaransa mwaka 1910 uchunguzi juu ya fikra za Wabantu, miaka saba kabla ya kupewa upadri huko Baudouinville, tarehe 21 Julai 1917, akiwa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Lakini kazi ya nyumbani ilipoanza kuandikwa kwa lugha ambayo mama haisomi, mama alinyamazishwa katika nyumba yake mwenyewe. Anamwona mtoto ameinama juu ya daftari, naye hajui kama anaandika somo au anachora ndege.

Na tuseme ukweli mwingine usiopendeza. Mapatano kati ya Vatikano na Dola Huru ya Kongo, yaliyotiwa sahihi tarehe 26 Mei 1906, yaliwapa wamisionari ardhi, na kwa upande wao wakaahidi kufungua shule zenye kufundisha hasa kilimo na kazi za mikono. Katika shule nyingi za misioni saa za jembe zilikuwa nyingi, na mpaka kati ya somo la kilimo na kazi ya shamba la misioni haukuwa wazi siku zote. Wazee waliotusimulia habari za shule hizo walikumbuka mashamba upesi kuliko vitabu. Wasichana walikuwa na mzigo mara mbili: Masista Weupe waliwafundisha kusoma, kushona na kutunza nyumba, na nyumbani maji na kuni viliwangoja vilevile. Hilo halijabadilika sana. Ukitaka kujua kwa nini daftari la msichana halina kazi, uliza kwanza kisima kiko umbali gani.

Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilitangaza kuzichukua shule zote za madhehebu. Somo la dini liliondolewa, na mafundisho ya chama yakachukua mahali pake. Mapatano ya kuzirudisha kwa Makanisa yalitiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977, na ndiyo asili ya neno «conventionnée» mnalolisoma kwenye vibao vya shule zetu za Kikatoliki. Katika muda huo wa katikati, aliyetaka mtoto wake ajue imani alipaswa kutafuta msikilizaji nje ya darasa. Maaskofu wetu walikuwa wamekwisha kuchagua, tangu mwaka 1961, kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile tunazoziita shirika. Na katika nyumba za shirika ndimo mtoto aliweza kusomewa Injili na jirani.

Wayesuiti walimpa kila mtoto kiongozi wa kumi. Mafurere walimpa meza, na rafiki wa kumtafuta asipofika. Katekista wa kijiji alimpa jibu ambalo nyumba nzima iliweza kulisikia. Vijana wanaoketi na watoto jioni wanaweza kuanza na watoto kumi tu kwa kijana mmoja, wakamwomba kila mtoto aeleze somo kwa Kiswahili kabla ya kuliandika kwa Kifaransa, na wakamtuma mmoja wao kwa wasiofika. Vitabu havihitajiki vingi. Kinachohitajika ni chumba chenye meza, karibu na nyumba za watu, kabla giza halijaingia, na parokia zetu nyingi zina chumba cha namna hiyo kinachofunguliwa Jumapili tu. Katika mkutano ujao, basi, waulizeni wazee wa baraza la parokia: kuanzia saa kumi jioni, ufunguo wa chumba cha katekesi unakaa kwa nani?